Matete ya Bibi Yalipotembea

Asubuhi ziwa letu huwa halijaamua kama ni maji au ni moshi. Ukishuka kutoka barabara ya Dodoma, kabla hujafika Bonga, unaziacha kelele za bodaboda mgongoni, unapita katikati ya mahindi ya watu, na baada ya muda ardhi inaanza kulainika chini ya ndala kama ugali ambao haujaiva. Ukungu umelala juu ya maji. Huoni upande wa pili. Unasikia tu kiboko akipiga chafya humo ndani, na ndege weusi wanakausha mabawa yao juu ya migunga iliyokufa imesimama, ile ambayo ziwa liliikuta nchi kavu likaamua kuhamia kwake.

Hapo ndipo kwa Bibi. Nyumba yake iko juu kidogo, bustani iko chini, na kila Jumamosi, wakati wenzangu wa kidato cha tatu wanalala mpaka jua liwapige usoni, mimi natoka Maisaka na kifurushi cha sukari mfukoni kwenda kumsaidia kulima. Nasema kumsaidia kwa heshima tu. Bibi mwenyewe anasema msaada wangu ni kama wa kiboko: hauonekani unapofanyika, unaonekana asubuhi yake kwa vitu vilivyokanyagwa.

"Mume wangu umekuja," ananiambia. Kwetu bibi anamwita mjukuu wake mume, na mjukuu mwenye akili hakatai, maana mume ndiye anayepakuliwa kwanza.

"Nimekuja, mke wangu. Chai iko wapi?"

"Iko chini ya magugu. Ukimaliza kupalilia utaikuta."

Mwaka ninaousimulia hapa ndio niliouelewa ufukwe. Zamani niliuona kama tope lenye majani. Siku hizi nauona kama darasa letu, kila mtu amekaa mahali anapoweza kuvumilia. Juu kabisa, pakavu, kuna mahindi, watoto wa mama: maji yakiwafika miguuni kwa siku chache wanageuka njano na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Chini yao maboga, yanayotambaa usiku na mchana yakitafuta pa kulaza vichwa. Halafu ndago, ambazo ukizing'oa leo kesho zinakusalimia. Halafu matete, marefu kuliko mwalimu wa nidhamu, miguu ndani ya tope, vichwa kwenye upepo. Na mbele kabisa, humo majini, yungiyungi limelaza majani yake kama sahani baada ya sherehe. Ziwa likipanda, kikonyo cha yungiyungi kinarefuka, sahani inabaki juu. Ziwa likishuka, kinajikunja chini kama kamba iliyotupwa. Mimi kwa kurefuka tu kutoka darasa la saba mpaka sasa nimeharibu suruali za shule mama asizozisahau.

Ziwa letu lina tabia ya mgeni asiyesema anaondoka lini. Mwaka mmoja linakuja mpaka karibu na barabara, mwaka mwingine linarudi nyuma na kuacha tope jeusi lenye nyufa. Anayetaka kuishi pembeni yake ni lazima ajue kuzama na kukauka, vyote viwili. Mimea inajua. Konokono anajua. Watu wa milimani hawakujua, na Bibi yangu ni mtu wa milimani.

Yeye na babu walishuka kutoka Mbulu wakiwa watu wazima. Ile sehemu ya ziwani waliinunua mimi nikiwa bado tumboni, siku ile ile ambayo jirani yao alinunua ya kwake, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Mutuka. Sehemu mbili zimelala bega kwa bega. Ilihitajika alama ya mpaka. Sasa huko milimani alikotoka Bibi, mpaka ni mstari wa majani. Shamba linaishia kwenye majani, la jirani linaanzia kwenye majani, na majani yenyewe hukaa pale pale mpaka wajukuu wanayakuta. Chini ya shamba la baba yake kulikuwa na mkondo wenye maji wakati wa masika tu, na ukingoni matete, mpaka wa ukoo tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Bibi hakuyaamini matete ya ziwani. Alisema hayana malezi. Akapanda basi kwenda kwao, akarudi na mashina ya matete ya baba yake yamefungwa kwenye kiroba na udongo wake mwekundu, akayapanda hapa mbele ya jirani na mume wa jirani, kamba imevutwa, kila mtu akiangalia. Wakanywa chai. Wakaagana.

Jirani huyo ndiye Mama Duka. Anaishi mjini, ana duka la rejareja mtaani kwetu Maisaka, na mumewe alishafariki kama babu alivyofariki. Kwa miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa barabara kati ya hao wanawake wawili. Jumamosi napita dukani, Mama Duka ananipimia sukari ya Bibi, ananipa na pipi ya nyongeza, ananituma salamu. Bibi ananirudisha na boga. Nilikuwa nakula pande zote mbili kama panya wa mpakani.

Halafu Jumamosi moja ya kiangazi Mama Duka akaja mwenyewe shambani, na mwavuli wake mweusi, mtandio umefungwa vizuri, kobazi mkononi maana tope lilikuwa limeshamshinda.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba."

"Habari za huku?"

"Nzuri. Za dukani?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mama, matete yako yamenifikia kwenye mchicha."

"Matete yetu," Bibi akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye maboga. "Tuliyapanda ukiwa umesimama hapo hapo."

"Sikusimama hapa. Nilisimama kule." Mama Duka akanyoosha mwavuli kuelekea katikati ya maboga ya Bibi. "Marehemu mume wangu alishika kamba, wewe ukapanda. Nilikuwa napata matuta matano ya mchicha. Sasa napata mawili, na hilo la pili kibarua wangu analimwagilia amesimama mguu mmoja kama korongo."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. Wote wawili walinitazama, nikaanza kupalilia kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kwenye ukoo wetu.

"Majani hayana miguu, mwanangu," Bibi akasema.

"Basi kuna mwenye miguu anayeyasaidia."

Upepo ukapita kwenye matete, yakasugua mabua yao kama watu wanaonong'ona kanisani. Bibi akasimama taratibu, mkono kiunoni. Kwa watu wa kwetu, kumwambia mtu kwamba anakula mpaka ni kubaya kuliko kumwambia ameiba ng'ombe. Ng'ombe atarudishwa, maneno yataisha. Mpaka ukihama, unahama na jina lako, na jina la watoto wako.

"Mwite mwenyekiti wa mtaa," Bibi akasema. "Jumamosi ijayo. Nitasema mbele yake, na mchungaji naye aje kama ana nafasi. Matete yapo nilipoyapanda. Ikionekana nimesema uongo, bustani yote ichukue."

"Mama, sijaomba bustani yote."

"Mimi ndiye nimesema."

Mama Duka akaufungua mwavuli, akaufunga, akaufungua tena. "Shikamoo, mama," akaaga.

"Marahaba."

Hata ugomvi wao haukuweza kuruka salamu.

Wiki ile sukari ya Bibi niliambiwa niinunue stendi, kwa watu nisiowafahamu na wasionifahamu. Hakukuwa na pipi. Nilianza kuona uzito wa jambo hili.

Bustani yenyewe si kubwa. Lakini kiangazi, nchi nzima ya juu inapogeuka vumbi na Mlima Kwaraa unaonekana kama mtu aliyesahaulika juani, pale chini ndipo panapobaki kijani. Bibi analima pale kwa sababu anapenda, na kwa sababu akikaa ndani bila jembe anaanza kuzeeka. Nilimwona mara moja, alipovunjika mkono. Kwa wiki kadhaa alikaa kitini akisikiliza redio, na akawa mtu mdogo.

Sasa shule ikaingia. Mwalimu wetu wa biolojia, ambaye tunamwita Madam kama vile hana jina, alitupa kazi ya nje. Kila mtu achague mahali, avute kamba kutoka pakavu mpaka penye maji, aandike anaishi nani kando ya kamba hiyo na anamudu vipi taabu za mahali pake.

"Madam," nikauliza, "nikivuta kamba nyumbani kwetu kutoka kitandani mpaka bafuni, nitahesabiwa? Kuna viumbe pale vina uvumilivu mkubwa."

"Utavuta ziwani," akasema. "Na nitakuja kuiona hiyo kamba."

Kwa uvivu nikachagua kwa Bibi. Niliona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: kamba nitaivuta Ijumaa jioni baada ya shule, nilale kwake, asubuhi niko tayari kwa mwenyekiti.

Jioni ile bado naiona nikifumba macho. Bibi alikuwa ndani akipika makande. Nilifunga kamba ya katani kwenye mti wa uzio, nikarudi kinyumenyume mpaka majini, nikaiacha ikiwa imelala juu ya maboga, juu ya ndago, imeingia matete, imetokea upande wa pili. Jua lilikuwa limeshuka, ziwa limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakukuwa na upepo. Nikalala kifudifudi kwenye tope, daftari mbele, kama mamba asiye na haraka.

Kwanza nikamwona konokono. Tope lilikuwa limekauka hapo, na yeye alikuwa amejifungia ndani, ana kifuniko kigumu mlangoni, kimekaa barabara kama mfuniko wa chupa. Nikagonga kwa kalamu. Hakufungua. Madam alikuwa ametuambia konokono huyu anaweza kungoja maji kwa muda mrefu sana, amelala, hali, hasemi. Nikawaza watu wa darasani kwetu ambao wangefaidika.

Halafu kwenye kidimbwi kilichobaki nyuma ziwa liliporudi, nikamwona kambale. Maji yalikuwa machache na machafu, samaki mwingine angeshakata roho. Yeye alikuwa anapanda juu pole pole, masharubu mbele, anameza pumzi ya hewa kama mzee anayeonja togwa, anashuka. Anapanda, anameza, anashuka. Nilianza kupumua naye. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Nilihisi kama ufukwe wote unapumua, taratibu, na mimi niko juu ya kifua chake.

Kisha zamu ya matete. Madam alisema tope la chini halina hewa kabisa, mizizi ya mmea wa kawaida ingeoza humo. Matete yanajitengenezea: mabua yao ni mirija, hata bua kavu lililovunjika linabaki kuwa pua, hewa inateremka humo mpaka chini kabisa. Nilitaka kuchora hiyo mizizi. Nikachukua jembe la Bibi, nikachimba chini ya tete la kwanza, lile lililokuwa karibu kabisa na mchicha wa Mama Duka.

Nikakuta kitu kinene, cheupe, kimelala chini ya tope, kina pingili kama muwa. Madam angesema huo si mzizi, ni shina lililoamua kutembea chini kwa chini. Kwenye kila pingili kulikuwa na chipukizi. Ncha yake kali kama mkuki ilikuwa imeelekea kwa Mama Duka. Nikachimba tete la pili. Ncha ile ile, njia ile ile. La tatu vivyo hivyo. Nikasimama, tope mpaka kwenye viwiko, nikaangalia ule mstari mzuri wa matete, mrefu, wenye adabu, nikaona kwamba ni watu walio kwenye mwendo.

Sasa hapo ndipo ucheshi uliniishia.

Maana niliona na kilichokuwa kinafanyika. Kila tete lililochomoza upande wa Bibi, Bibi alilifyeka akipalilia maboga yake. Bibi hana mchezo na magugu. Upande wa Mama Duka, kibarua anakuja mara chache, hakuna anayefyeka. Kwa hiyo matete yalikuwa yanakufa nyuma na kuzaliwa mbele, mwaka baada ya mwaka, na Bibi alikuwa anayasukuma kwa bidii yake mwenyewe, huku akiamini analinda mpaka. Huko kwa baba yake yalikaa kimya kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu na kavu, hayakuwa na pa kwenda. Hapa aliyaleta kwenye tope laini akategemea yatakumbuka malezi.

Nilifikiria kufukia shimo. Nisidanganye, nilianza hata kuvuta udongo kwa mguu. Kesho Bibi angesimama na kuapa, mwenyekiti angeamini, kwa sababu nani hamwamini Bibi? Lakini jembe lilikuwa limetulia mkononi, na kambale kule nyuma alikuwa anameza hewa yake, na nikajua kwamba siwezi kula makande ya mtu yule usiku huo kisha nikamwacha aape uongo asioujua. Nikakata kipande cha lile shina, urefu wa mkono wangu, nikapanda nacho nyumbani.

"Mke wangu," nikasema mlangoni, "njoo uone kitu."

"Umeua nyoka?"

"Afadhali ingekuwa nyoka."

Akaja na mwiko mkononi. Nikatumbukiza ncha moja ya shina kwenye ndoo ya maji. "Puliza huku," nikamwambia.

"Kuna mchezo gani hapa?"

"Puliza tu."

Bibi alinitazama kwa muda mrefu, maana ana historia na michezo yangu. Halafu akashika ile ncha nyingine, akajaza mashavu, akapuliza kwa nguvu. Kwenye ndoo mapovu madogo yakapanda, moja baada ya jingine, yanang'aa kwa mwanga wa mwisho wa jioni. Akapuliza tena. Nadhani alisahau kwa nini amepuliza, kwa jinsi alivyokuwa anayaangalia.

"Linapumua," akasema.

"Linapumua na linatembea. Nimechimba, Bibi. Yote yanaelekea kwa Mama Duka."

Aliweka mwiko juu ya dirisha, akachukua jembe lake mkononi mwangu, akashuka bustanini. Mimi nyuma yake. Makande yalibaki yakichemka yenyewe.

Alianzia kwenye shimo langu, lakini yeye hakuchimba mbele, alichimba kurudi nyuma. Alifuata lile shina kama mtu anayefuata nyayo za mtoto aliyepotea. Palipokatika, akatafuta pembeni, akalipata jingine lililozeeka zaidi, jeusi, limelegea. Akapita chini ya ndago. Akaingia kwenye maboga yake, akayahamisha majani taratibu kama anafunua shuka la mtu aliyelala. Kulikuwa na kinundu cha udongo pale katikati ambacho sote tulikuwa tunakijua, mimi nilishajikwaa mara nyingi, tuliamini ni kichuguu cha zamani. Akapiga jembe. Ndani kulikuwa na visiki vya matete vilivyooza, laini kama sifongo.

Na udongo mwekundu.

Katikati ya tope jeusi la ziwa, bonge la udongo mwekundu wa milimani, kama kipande cha mkate kilichoanguka kwenye makaa. Bibi akapiga magoti. Akalichukua kwenye kiganja, akalifinya, akalinusa.

"Hili ni shamba la baba," akasema.

Giza lilikuwa linaingia, ukungu umeanza kuinuka kwenye maji. Kutoka pale tulipokuwa mpaka kwenye mstari wa matete kulikuwa na upana wa kukaa familia nzima kula pilau. Yote hiyo ilikuwa ya Mama Duka, na maboga yetu yalikuwa yamelala juu yake yakinenepa.

"Nimekula mpaka," Bibi akasema.

"Matete ndiyo yamekula."

"Nani aliyafyeka nyuma?" Akalifinya tena lile bonge. "Nimeyafukuza mwenyewe, mume wangu. Kwa fyekeo langu. Halafu nikaweka bustani yote rehani kwa mdomo wangu."

"Bibi, hakuna aliyeona isipokuwa mimi."

Niliyasema hayo kwa sauti ndogo, na hata sasa sijui kama nilikuwa namjaribu au nilikuwa najaribu bahati. Akaniangalia, tope kwenye magoti, udongo mwekundu mkononi.

"Na mimi je," akasema, "mimi siko hapa?"

Tukapanda kula. Makande yalikuwa yameungua chini. Tuliyakwangua bila kulalamika.

Asubuhi mwenyekiti wa mtaa alikuja na bodaboda, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa baridi. Mama Duka alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mwavuli wake mbele. Mchungaji hakupata nafasi. Ukungu ulikuwa mzito, matete yalionekana vichwa tu, yanaelea.

"Shikamoo, mama," Mama Duka akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwenyekiti akasafisha koo ili aanze, nadhani alikuwa na hotuba. Bibi akamwomba angoje. Akatutangulia mpaka kwenye maboga, akasimama pembeni ya shimo.

"Nilisema matete hayajahama," akasema. "Yamehama. Niliyapanda hapa. Huu ni udongo nilioubeba kutoka kwetu, mwenyekiti shika uone, hakuna udongo wa namna hii ziwani. Kutoka hapa mpaka pale ni kwake. Mimi nilikuwa nafyeka huku, yakawa yanakimbilia kule. Mjukuu wangu amechimba, ataeleza habari za mizizi, lakini msimwache aeleze sana. Na nilisema nikikosea bustani yote ichukuliwe. Sijasahau."

Mwenyekiti alishika udongo. Aligeuza huku na huku. Akaniangalia mimi kana kwamba huu ni utani wangu, jambo ambalo lilikuwa haki yake.

Mama Duka akasogea mbele. Aliukunja mwavuli, akauchomeka kwenye tope, ukasimama. Akashuka mpaka kwenye matete, akaangalia shimo langu la kwanza, akaiona ile ncha nyeupe iliyoelekea kwake. Akaigusa kwa kidole.

"Yaani mlikuwa mnanijia chini kwa chini," akayaambia matete.

Aliporudi juu nilishindwa kusoma uso wake. Bibi alikuwa amesimama wima kama anayesubiri kupigwa picha. Mikono yake alikuwa ameishika pamoja mbele ya kitenge.

"Mama," Mama Duka akasema, "bustani yote mimi nitaipeleka wapi? Nitailima na nini, na mwavuli?"

"Nilitoa neno."

"Nami nilitoa neno baya. Nilisema kuna mwenye miguu." Akapangusa kidole chake chenye tope kwenye ukingo wa gauni, kitu ambacho sikutegemea kukiona. "Nitachukua matuta yangu matatu. Maboga yaliyopo juu yake uyavune wewe kwanza, yako karibu kukomaa. Baada ya hapo nitaweka mchicha."

"Mchicha hapa utaoza. Weka bamia."

"Nitaweka mchicha."

"Haya. Utaona."

Mwenyekiti akapumua. Akasema sasa basi uwekwe mpaka wa kudumu, jambo liishe. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, na ulikuwa mtamu, kila mtu akiutia chumvi yake. Mwenyekiti alitaka mawe. Mama Duka akasema jiwe hapa linazama, aliweka jiwe la kufulia mwaka fulani na mpaka leo hajaliona. Bibi akataja minyaa. Mimi nikasema minyaa ikisimama majini masika moja itakufa, nimejifunza, na nikaambiwa ninyamaze. Ikatajwa nguzo ya zege, mwenyekiti akakumbuka nguzo ya uzio ya mtu fulani ambayo kiboko aliitumia kujikunia mgongo mpaka ikalala. Tulipitia kila kitu kinachosimama duniani, na kila kimoja ziwa lilikuwa na njia yake ya kukishinda. Kilichoweza kuishi pale kilikuwa kinachohama. Kisichohama kilizama.

"Basi tuivute kamba," Mama Duka akasema mwishowe. "Kila mwaka, maji yakirudi nyuma. Wewe na mimi. Kutoka kwenye huu udongo wako mwekundu."

"Na nikifa?"

"Atavuta huyu." Akanielekezea kidevu. "Akiacha kucheka."

Mwenyekiti alipanda bodaboda yake bila kutoa hotuba. Mimi nilirudi Maisaka jioni na boga kichwani, nikalifikisha dukani, nikapewa pipi mbili. Kazi ya Madam nilipeleka ikiwa na tope kila ukurasa. Aliandika kwa wino mwekundu kwamba mchoro wa konokono unafanana na kofia, lakini habari za matete zinaonekana za mtu aliyekuwepo.

Masika ile ziwa lilikuja. Lilipanda usiku na mchana, bila kelele, likafunika mchicha wa Mama Duka, ambao kwa kweli ulikuwa umeoza, likafunika maboga, likafika karibu na uzio wa Bibi. Asubuhi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti chake na kikombe cha chai, naangalia maji mahali palipokuwa na ardhi. Yungiyungi lilikuwa limehamia juu ya shimo letu, sahani zake zimetulia. Vichwa vya matete peke yake vilichungulia, na nilijua chini kule, gizani, kwenye tope lisilo na hewa, yanapumua kwa pua zao kavu na kunyoosha ncha zao kwenda yanakojua yenyewe. Konokono wangu naye atakuwa amefungua mlango.

Maji yaliporudi nyuma, Bibi alilitafuta bonge lake kwa siku nzima, akalipata. Limepungua, lakini bado ni jekundu. Mama Duka alikuja, kobazi mkononi. Bibi akasimama juu kwenye udongo mwekundu, Mama Duka akashuka mpaka magotini kwenye tope, kamba ya katani katikati yao, na ukungu ukawaficha mpaka nikawa nasikia sauti tu.

"Vuta kidogo, mama."

"Nimevuta."

"Hujavuta. Kamba imelala."

"Ni wewe umeegemea matete."

"Matete ndiyo yameniegemea."

"Haya, simama hapo hapo. Usisogee."

"Sisogei, mama. Ni tope ndilo linanisogeza."